Mwalimu anayetaka kwenda Koni

Na Kalenga Mwamba

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Likasi alinisimamisha wiki iliyopita nikitoka sokoni. Ana umri wa miaka 34, watoto watatu, na miaka 11 mbele ya ubao. "Yaya," aliniambia, "nataka kuacha ualimu nikasomee uhandisi wa umeme. Nyumbani wananicheka. Nimechelewa?" Nilimwomba anipe muda mpaka leo. Jibu langu naliandika hadharani kwa sababu najua wanaojiuliza swali hilo ni wengi, kuanzia karani mpaka mama anayeuza vocha za simu.

Kwanza nilitaka kujua wazo lenyewe limetoka wapi. Hakutaja mshahara. Alisema mwaka jana alimsindikiza mjomba wake mstaafu hadi Koni, wakasimama ndani ya jumba la mitambo, akahisi sakafu ikitetemeka chini ya viatu vyake. "Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba maji yana nguvu," alisema, "na sikuwahi kuyasikia kwa miguu." Mtu mwenye sababu ya namna hiyo si wa kuchekwa.

Koni tunaisikia tangu utotoni, hasa siku umeme unapokatika. Ni kituo cha umeme kilichojengwa kwenye mto Lufira, chini ya kituo kingine, Mwadingusha. Maji ya ziwa Tshangalele hufanya kazi mara mbili: huzungusha kwanza mitambo ya Mwadingusha, kisha hushuka na kuzungusha ile ya Koni, yenye uwezo wa megawati 42. Wabelgiji walikiita kituo cha juu Francqui na cha chini Bia. Cha juu kilianza 1930. Cha chini nacho kimeshapita miaka 70. Umeme wa Lufira ndio uliosafisha shaba katika matangi ya kiwanda cha Shituru, na mji wetu ulikua ukiutegemea.

Wazee wetu waliipaka mitambo hiyo mafuta, wakakaza bolti zake, wakajua mlio wa kila mmoja. Kalamu ya mchoro ilikuwa mikononi mwa wengine. Chuo kikuu cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilifunguliwa 1956 tu, na tulipopata uhuru 1960 wahitimu wa chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika 30. Kwa hiyo mtoto wa Likasi akisema anataka kuishika kalamu hiyo, hata akiwa na mvi mbili tatu, anadai kitu ambacho babu yake hakuruhusiwa hata kukiomba.

Mkoa wetu unajua pia maana ya kubadili kazi kwa kusukumwa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa wameizoea kampuni kama baba na mama. Walitoka na fedha mkononi, lakini fedha haimfundishi mtu kazi mpya. Mwalimu wangu yuko mahali bora kuliko wao: bado ana kazi, na ana nafasi ya kujiandaa kabla ya kuruka. Nafasi hiyo asiipoteze kwa haraka.

Basi, amechelewa? Hapana. Akianza na mwaka mmoja wa kujiandaa, kisha miaka 3 ya licence na 2 ya master, atakuwa na miaka 40. Mbele yake kutabaki miaka 20 na zaidi ya kazi. Kikwazo chake hakiko kwenye umri, kiko kwenye hesabu. Diploma yake ya taifa ni ya ualimu, na wanafunzi wa ualimu hawakupewa hesabu kama waliosoma hesabu na fizikia au ufundi. Pengo hilo huwaangusha watu wazima wengi katika mwaka wa kwanza, nao hurudi nyumbani wakidhani hawana akili, kumbe walikosa daraja tu la kuvukia.

Namwekea hapa mtihani mdogo. Chukua meta moja ya ujazo ya maji, yaani kilo 1,000, iangushe meta 10 kila sekunde. Zidisha 1,000 kwa 9.8, kisha kwa 10: utapata wati 98,000, yaani kilowati 98. Toa sehemu ya kumi inayopotea njiani, ndani ya bomba, turbini na jenereta. Zinabaki kama 88. Sasa tafuta: ili kupata megawati 42 kwa mwanguko huo wa meta 10, unahitaji maji kiasi gani? Karibu meta za ujazo 480 kila sekunde. Mwanguko ukiwa meta 50, zinatosha kama 95. Ukifika hapo ukatamani kujua hiyo sehemu ya kumi inapotelea wapi hasa, na kama inaweza kupunguzwa, endelea na safari. Ukiona umechoka, hilo nalo ni jibu, na ni bora ulipate leo kuliko baada ya kulipa karo.

Mtihani wa pili ni wa mikono. Katika mtaa wetu kuna fundi wa kufunga mota upya, na nimekaa kwenye kibaraza chake mara nyingi. Huletewa mota ya kinu cha mahindi iliyoungua, vanishi inanuka ua mzima. Hakimbilii kukata. Kwanza huchora kwenye daftari: mifereji mingapi, koili inaruka mifereji mingapi, inaunganishwa vipi na mwenzake. Ndipo anapoitoa shaba iliyoungua, akihesabu mizunguko mmoja mmoja kwa sauti, na kupima unene wa waya kwa mikromita. Huweka karatasi mpya kwenye mifereji, hufunga koili, huzipaka vanishi na kuziacha zikauke. Mwisho hupima kama kuna umeme unaovujia kwenye mwili wa mota. Siku moja nilimuuliza kwa nini haanzi na kukata. Alifunga daftari akaniambia, "Ukurasa huu ukipotea, mota hii imekufa."

Neno hilo ndilo nililotaka mwalimu alisikie. Wengi wanaotamani uhandisi wanatamani jina: kuitwa injinia, kuvaa kofia nyeupe, kupanda gari la kampuni. Kazi yenyewe ni kupima, kuandika, na kuwajibika kwa ulichoandika. Mtambo wa miaka 70 huendelea kuzunguka kwa sababu kuna mtu anayeandika joto la beringi zake kila saa, na mwingine anayesoma namba hizo na kushtuka zinapopanda. Mtu aliyejaza daftari la mahudhurio kila asubuhi kwa miaka 11 bila kudanganya tayari ana nusu ya tabia hiyo. Anakuja na kitu mkononi.

Kazi hiyo inalipa, nchi inaiona. Mwadingusha, jirani wa Koni, ilitengenezwa upya na SNEL, shirika la umeme la taifa, pamoja na mgodi wa Kamoa-Kakula, na mwaka 2021 mitambo yake sita iliunganishwa tena kwenye gridi. Uwezo wa kituo ulipanda kutoka megawati 71 hadi 78. Mto ni ule ule na maporomoko ni yale yale; kilichoongezeka ni ujuzi. Sheria nazo zimefungua njia. Ile ya 2014 iliruhusu wengine mbali na SNEL kuzalisha na kuuza umeme, na ile ya 2017 ikatenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni za Wakongo. Kule Rutshuru, kituo cha Matebe kilianza kutoa umeme wa maji mwisho wa 2015. Vituo kama hivyo vitahitaji watu, wengi wao mafundi kabla ya wahandisi.

Najua pingamizi: kazi zinapewa ndugu wa wakubwa, na diploma nyingi zimelala kabatini. Ni kweli, na inauma. Ndiyo maana namshauri aingie kwa mlango wa ufundi kwanza. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa 1964, kazi yake ni kufundisha watu waliokwisha kuingia kwenye ajira, si watoto peke yao. Mwenye ufundi mkononi hula hata kabla hajaajiriwa, na akienda chuo kikuu baadaye, fomula atakazoziona ubaoni zitakuwa zimeshamuunguza vidole.

Kwa wakuu wa vyuo vyetu vya Likasi na Lubumbashi nina ombi moja. Fungueni mwaka wa hesabu wa jioni kwa watu wazima wenye kazi, uanze saa kumi na moja, ulipiwe kwa mwezi. Tanzania, kupitia VETA, mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi, hupima ujuzi wa fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Nasi tuna mafundi kama yule wa kibarazani ambao hakuna karatasi inayowatambua. Tuwapime, tuwape haki yao, na atakayetaka kuendelea apate ngazi ya kupandia.

Nawe mwalimu, hujachelewa. Barua ya kuacha kazi usiiandike bado. Watoto watatu hawali ndoto. Rudia hesabu za sekondari mwaka huu, jioni mbili kwa wiki. Nimeshazungumza na fundi wa mota: anakungoja Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi. Nenda na daftari.