Viwavi wa Mndimu na Elimu ya Watoto Wetu

Kila baada ya mvua, mindimu na milimau iliyopo majumbani mwetu huchipua majani mapya. Hapo ndipo kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano huja kutaga mayai yake, moja moja, juu ya majani hayo machanga. Siku chache baadaye huonekana kitu mfano wa kinyesi cha ndege, kumbe ni kiwavi. Aghalabu hukumu yake ni kupondwa au kunyunyiziwa sumu.

Sisi tunaona kwamba kwa hukumu hiyo tunampoteza mwalimu asiyedai mshahara.

Mtoto aliyeruhusiwa kuweka mayai mawili matatu ndani ya chombo kilichofunikwa kipande cha chandarua, akabadilisha majani na kuondoa uchafu kila siku, ataona kwa macho yake mambo ambayo darasani huyanakili ubaoni tu. Atamwona kiwavi akijivua ngozi mara nne na kugeuka kijani. Akimgusa, atamwona akichomoza pembe laini yenye panda na harufu kali ya kumfukuzia adui. Kisha kiwavi atajifunga kwa uzi na kuwa pupa, na mtoto atajifunza kungoja. Maana anayeharakisha kumtoa kipepeo humlemaza mabawa.

Wazee watasema viwavi huwasha na huharibu miche. Hatuwapingi. Viwavi wenye manyoya wasiguswe kabisa, ila huyu wa mndimu hana manyoya ya kuwasha. Ni kweli pia kwamba viwavi wachache waweza kuumaliza majani mche mchanga. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kumpa mtoto kazi hii. Akiyaokota mayai na viwavi kwa mkono, mche umesalimika, na sumu haikuingia uani tunamopikia na kuchotea maji.

Wala jambo hili si mchezo wa watoto peke yake. Huko Gede, nchini Kenya, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 uliwawezesha wanavijiji waishio kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa nchi za nje, hata msitu ukawa na faida kwao bila ya kukatwa. Hapa Unguja, kituo cha vipepeo kilifunguliwa Pete, jirani na Jozani, mwaka 2008.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wakuu wa elimu kwamba kila skuli ya msingi, Unguja na Pemba, ipande japo mindimu miwili na iwaachie wanafunzi kuitunza pamoja na viwavi wake. Mabwana shamba nao wawafundishe wananchi kuokota kwa mkono kabla ya kukimbilia dawa. Wazazi wahakikishe kwamba mayai yanatoka uani na si katika misitu iliyohifadhiwa, na kwamba kipepeo anaachiliwa pale pale alipotoka, asivushwe kisiwa kingine.

Hapana fungu la fedha linalohitajiwa wala mfadhili wa kusubiriwa. Panahitajiwa mndimu mmoja, na mtu mzima aliye tayari kuuzuia mkono wake.