Kamba ya Mgeni Ndiyo Itakayotufunga Sisi

Ndugu Wafanyakazi,

Siku hizi maneno ni yale yale, ukisimama kivukoni Mbita ukingoja feri ya Luanda Kotieno, au ukikaa na wenzako karakana wakati wa chai. Watu wasema: wageni wamezidi. Mganda anavua mbuta wetu, Mtanzania ananunua omena yetu, Msomali ana duka, Mkongo anafanya kibarua kwa bei ya chini. Basi serikali na ikaze sheria, iwakamate wote, iwatie katika lori, iwarudishe kwao. Na katika hao wasemao hivyo wamo wanachama wetu wanaolipa ada kila mwezi, watu wema, si watu wa fitina.

Nataka kuwajibu ndugu zangu hao, nami nina neno moja tu. Sheria kali ya wageni haikai kwa mgeni peke yake. Askari hana jicho la kumtambua mgeni kwa kumtazama uso. Mjaluo wa Shirati na Mjaluo wa Muhuru wana sura moja na lugha moja. Ili askari ampate mgeni mmoja ni lazima awasimamishe watu mia na kuwaambia, "Leta karatasi." Na hao mia ndio sisi. Siku ile mwenyeji anapodaiwa athibitishe kuwa ni mwenyeji, uhuru wake umekuwa mkopo, na mwenye kukopesha ni askari wa njiani.

NANI MGENI?

Kwanza tuulizane, nani mgeni katika pembe hii ya ziwa? Wazee wa Rusinga na Mfangano watakuambia kwamba mababu wa Abasuba walivuka maji kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda. Hapakuwa na ofisi ya kuwapigia muhuri. Reli yenyewe ilipofika Kisumu, Desemba 1901, ilikuwa imefika Uganda. Ndiyo sababu iliitwa Reli ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza wakahamisha mpaka kwa kalamu, na Kisumu na nchi yetu hii zikatiwa upande wa pili. Mtu aliyekuwa wa Uganda akawa wa Kenya, wala hakuhama hata hatua moja.

Na nani aliyelaza mataruma tunayotembea juu yake kila siku? Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kati ya 1896 na 1901. Karibu 2,500 walikufa katika kazi hiyo. Mtu wa reli akisema mgeni hana haki katika nchi hii, na aangalie chini ya miguu yake.

Sisemi nchi isiwe na mpaka. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia na nani anatoka. Mwizi na akamatwe, muuaji na ahukumiwe, awe wa Mbita au wa Mwanza. Ninachokataa ni sheria impayo ofisa nguvu ya kumshika mtu, kumweka ndani na kumfukuza nchini bila jaji kusikia habari zake. Nguvu hiyo ikishatengenezwa kwa ajili ya mgeni, haiulizi tena inamshika nani. Hayo si maneno ya kutisha watoto. Yametupata.

MAMBO YALIYOTUPATA

Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake na habari za mshahara wake, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Mtu katika nchi ya baba yake akawa anatembea kwa ruhusa. Aliyeacha kazi bila tajiri kutia sahihi alitafutwa na polisi kama mwizi. Angalieni kazi ya karatasi ile: ilishusha mishahara, kwa kuwa mtu asiyeweza kumwacha tajiri hawezi kumdai kitu.

Tena kumbukeni Makhan Singh, ambaye kila mwanachama wa chama cha wafanyakazi yafaa alijue jina lake. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya mwaka 1927 angali kijana. Ndiye aliyejenga chama cha wafanyakazi kisichobagua Mhindi na Mwafrika, na mwaka 1937 waligoma Nairobi siku 62 mpaka mishahara ikaongezwa. Aliporudi kutoka India mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilimwamuru aondoke. Akakataa, akapigana kortini, na serikali ikashindwa kumtoa. Basi serikali ikafanya nini? Mwaka 1949 ikatunga sheria mpya ya kuwahamisha raia wa Uingereza waliohamia Kenya. Mei 1950 Makhan Singh akakamatwa pamoja na Fred Kubai, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na kwa sheria ile mpya yeye akafungiwa mbali kaskazini mpaka Oktoba 1961. Miaka 11 na zaidi!

Kosa lake lilikuwa nini? Kudai mshahara na kudai uhuru. Lakini serikali haikuwa na haja ya kuthibitisha kosa, maana ilikuwa na sheria ya wageni.

Je, wenyeji waliobaki walisalimika? Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Aprili 1954 Nairobi ikazungukwa na askari, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapangwa mistari, karatasi zao zikaangaliwa, wakapelekwa makambini bila kesi. Hao hawakuwa wageni wa mtu yeyote. Katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi wakati huo alikuwa Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko hapa kwetu Rusinga. Hakusema, "Hao si kabila langu." Alilalamika kwa ajili yao, kwa sababu walikuwa wafanyakazi.

Wengine watasema hayo yalikuwa ya wakoloni. Haya, tuje wakati wa uhuru. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza Uganda Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo, vibarua na wafanyakazi wadogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa hai wakati huo, na reli ilikuwa moja kutoka Mombasa mpaka Kasese. Watu waliokuwa wamezaa na kuzika kule wakaambiwa ninyi si wa hapa. Ziko nyumba katika wilaya zetu za ziwa ambazo habari hizo si za kusoma kitabuni. Wanaosema leo Mganda afukuzwe Mbita wawaulize wazee wao kwanza.

Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwapanga raia wake Wasomali, ikawahoji, ikawapa kadi ya pinki juu ya kitambulisho, wao peke yao. Aprili 2014, baada ya mabomu ya Eastleigh, polisi waliwakusanya watu wapatao 4,000, wengi wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani. Tume ya IPOA, ambayo ndiyo iliyowekwa kuwaangalia polisi, iliandika mwaka huo kwamba watu walikaa ndani zaidi ya saa 24 bila kuonyeshwa korti, katika seli zilizojaa kupita kiasi. Katika waliokamatwa walikuwamo raia wa Kenya. Na huko Garissa, maelfu ya watoto wa Kenya walioandikwa katika makambi ya wakimbizi ili wapate chakula wakati wa njaa, walipokua walinyimwa vitambulisho, kwa sababu kompyuta ilisema ni wageni.

Hayo ni ya Wasomali, utasema. Basi mwaka 2018 mlango ule ulifunguliwa nyumbani kwetu. Miguna Miguna, mtu wa Nyando, mzaliwa wa Kenya, alikamatwa mwanzo wa Februari. Korti ikaamuru aletwe mbele yake. Usiku wa tarehe 6 akatiwa katika ndege, akapelekwa Kanada. Aliporudi mwezi wa Machi akafukuzwa tena, na amri za korti zikawa karatasi za kufungia mandazi. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema haki zake zilivunjwa, lakini hakukanyaga nchi yake mpaka Oktoba 2022. Mimi sina shughuli na siasa zake, na wengine wenu hamumpendi. Hilo si neno. Neno ni kwamba sheria iliyodaiwa kuwa ni ya wageni ilimtoa Mjaluo nchini usiku, na jaji hakuweza kumrudisha kwa miaka minne. Ikiwa yeye, mwanasheria mwenye mawakili wengi, ilimpata hivyo, mimi na wewe tunaofunga boliti tutasimama wapi?

TAJIRI ANACHEKA

Sasa nije kwenye tumbo, maana najua ndiko maneno yalikoanzia. Ni kweli kwamba yuko Mkongo na yuko Mganda anayefanya kazi kwa mshahara mdogo kuliko wetu. Lakini kwa nini anaukubali? Je, kwao ugali ni bure? Anaukubali kwa sababu akifungua mdomo, tajiri atapiga simu moja, na askari atakuja kumchukua. Sheria kali haimwondoi mtu huyo. Inamfanya awe rahisi. Tajiri anapata kibarua asiyegoma, asiyeingia chama, asiyekwenda kwa ofisa wa kazi, kisha anakugeukia wewe na kusema, "Yule anachukua nusu, wewe mbona unataka yote?"

Mnaona? Ni kipande kile kile. Kimetolewa shingoni mwetu kikatiwa shingoni mwa mwingine, lakini uzito wake twausikia sisi katika bahasha ya mshahara.

Dada zetu waliokwenda Saudia na nchi za Ghuba wanajua jambo hili kuliko mimi. Kule kibali cha kukaa nchini kimefungwa kwa tajiri. Ukimkimbia tajiri mbaya, umevunja sheria ya wageni, na wewe ndiwe utakayefungwa. Sisi sote twalia tukisikia habari zao, na twasema sheria ile ni ya utumwa. Basi tusiitake hapa kwa watoto wa wengine. Vilevile wavuvi wetu wa Migori walipodaiwa vibali na kodi na askari wa Uganda kule Migingo, nchi nzima ilipiga kelele. Na baharia wetu wa MV Uhuru, meli ya shirika la reli iliyoanza tena mwaka 2019 kupeleka mafuta Port Bell, akishuka kule yeye ndiye mgeni. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

TUFANYE NINI

Katiba ya mwaka 2010 imeshatupa silaha. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama na kugoma. Hakikusema kila raia. Kilisema kila mfanyakazi. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa apelekwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa korti imefungwa, na hapo napo hakimbagui mgeni. Tena nchi zetu zilitia sahihi mapatano ya Soko la Pamoja, yaliyoanza Julai 2010, kwamba mfanyakazi wa Afrika Mashariki aweze kwenda nchi jirani kutafuta kazi. Lakini haki iliyo katika kabati haimlindi mtu. Nawaomba wanachama wa matawi yote tujadili mambo haya manne katika mkutano ujao:

1. Chama kimwandike kila mfanyakazi anayefanya kazi pamoja nasi, wala karani asimwulize babu yake alizaliwa wapi.

2. Mwanachama akikamatwa kwa sababu ya karatasi, katibu wa tawi aende kituoni siku ile ile, ahesabu saa 24, na chama kitafute wakili.

3. Tuidai serikali kwamba asifukuzwe mtu nchini kabla ya korti kusikia kesi yake, na ofisa anayedharau amri ya korti ashtakiwe yeye mwenyewe, si ofisi yake.

4. Tajiri anayelipa mshahara wa chini kwa mtu asiye na karatasi ashtakiwe tajiri, na mfanyakazi alipwe haki yake yote kabla ya neno lingine.

Najua wako watakaosema chama kishughulike na mishahara tu, mambo ya wageni ni ya siasa. Nawajibu: Makhan Singh alishughulika na mishahara, wakamjibu kwa sheria ya wageni. Sisi wa reli twajua kwamba boliti zikilegezwa mahali pamoja, gari la moshi haliulizi behewa gani ni la nani, yote huanguka. Tulegeze leo haki ya Mganda wa Remba au Msomali wa Homa Bay, na kesho tusishangae gari likituangusha sisi.

Mwenye neno la kunipinga na aje nalo mkutanini. Nitamsikiliza, naye anisikilize.

Wenu katika kazi,
Mfanyakazi wa Reli, mtu wa Mbita