MOSHI WA KARIAKOO: TAWI HALIWEZI KUNYAMAZA

*TAMKO KWA WANACHAMA NA WAKAZI WOTE*



Kila umeme unapokatika, mitaa ya Kongo, Aggrey na Sikukuu inageuka jiko. Majenereta yanawashwa kwenye baraza za maduka, bomba limeelekezwa njiani, usawa wa kifua cha mama lishe aliyeketi na sufuria zake. Usiku maduka yakifungwa, maboksi, nailoni na yale mapovu meupe ya kufungia vifaa huchomwa kando ya mtaro, kwa sababu kiberiti ni rahisi kuliko kulipia gari la taka. Asubuhi wabeba mizigo na machinga wanaanza kazi kifua kimeshabana.

Tunaambiwa moshi haujaanza leo, tuvumilie. Wakazi wa Tabata nao waliambiwa hivyo. Mwaka 1988 walichoka na moshi wa jalala, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji lilipoomba kuendelea kulitumia jalala lile, Jaji Lugakingira alikataa na kuitaja ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Jiji likahamia Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakalizuia mahakamani. Hawa walikuwa watu wa kawaida kama sisi, na wakati huo hapakuwa hata na sheria ya mazingira tuliyo nayo sasa.

Sisi tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007. Sheria hiyo inataka kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa. Waulizeni viongozi wa mtaa wenu kamati hiyo ilikaa lini mara ya mwisho.

Tuseme wazi kuhusu hatari. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mlinzi akilala stoo yenye jenereta linalounguruma, anaweza asiamke. Moshi wa dizeli, tangu 2012, umewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Plastiki ikichomwa mtaani hutoa sumu nyingine juu ya hizo.

Baadhi ya wenye majenereta hayo ni wanachama wetu, wengine ni wachangiaji wakubwa wa tawi hili. Tunajua ujumbe huu hautawafurahisha. Hatuwaambii wazime na kufunga frem. Biashara ya Kariakoo inalisha nyumba nyingi, zetu zikiwemo. Tunachowaomba ni bomba lipandishwe juu ya kibaraza, na jenereta lisikae kamwe ndani ya stoo, korido au chumba anacholala mtu. Gharama yake ni ya fundi wa kuchomelea na kipande cha bomba.

Kwa Halmashauri ya Jiji: gari la taka lipite baada ya maduka kufungwa, maana likija saa 4 asubuhi taka zimeshakuwa majivu. Kwa NEMC: pimeni hewa ya Kariakoo, matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za mitaa, kwa Kiswahili.

Jumamosi saa 10 jioni tunakutana ofisi ya tawi kusaini barua kwa Mkurugenzi wa Jiji. Si lazima uwe na kadi ya chama. Mwenye picha za uchomaji taka azilete, zionyeshe mtaa na saa, bila kumpiga mtu usoni.

*Imetolewa na:*
Katibu Mwenezi wa Tawi