Wanaouza Ahadi ya Kuacha Pombe

Ndugu waamini, na hasa ninyi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo mnaogongewa mlango usiku na mama ambaye mwanawe amerudi amelewa gongo na kuvunja vyombo: safari hii twapenda kusema juu ya wale wanaomwendea mama huyo na tangazo mkononi.

Matangazo hayo twayasikia redioni, twayaona yamebandikwa kwenye nguzo za stendi, na siku hizi hupitishwa kwenye simu. Moja lasema mlevi ataacha pombe kwa siku saba. Jingine lasema dawa hutiwa kwenye chai au uji bila mwenyewe kujua. Jingine laonyesha nyumba nzuri ya mjini, yenye bustani, na mtu aliyevaa koti jeupe; bei haitajwi mpaka mzazi apige simu. Hapa Makere familia ikishakubali, huuza ng'ombe, au magunia ya maharage yaliyowekwa kwa mbegu. Fedha hiyo hairudi.

Tuseme wazi kwamba hatuzipingi nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba. Nyumba kadhaa, Zanzibar na Bara, zimeanzishwa na watu waliopita wenyewe katika utumwa wa heroini, na wako waliopata nafuu humo. Hata jina lake ni nyoofu: lasema nafuu, halisemi kupona. Tangazo linaloahidi kwamba mtu atapona kabisa limekwisha kulikana jina la nyumba yake.

Uongo huu waweza kuua. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, akikatishwa ghafula pasipo uangalizi wa kitabibu, aweza kupatwa na kifafa na kuweweseka, hata kufa. Aliyezoea heroini akikaa miezi kadhaa bila kuitumia, mwili wake hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia siku moja tu, kipimo kile kile chaweza kuwa cha mwisho. Nyumba ya kweli humweleza mzazi hatari hizi kabla ya kupokea shilingi yake. Na hiyo dawa ya kutiwa kwenye chai? Ipo dawa halali, disulfiramu, ambayo humfanya mnywaji atapike na moyo kumwenda mbio anapogusa pombe, na shinikizo la damu laweza kushuka vibaya. Daktari humpa mgonjwa aliyekubali na kuonywa. Anayetiliwa dawa ya namna hiyo kwa siri, kisha akaenda kilabuni kama desturi yake, ametegewa mtego kama panya.

Februari 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya maadili katika matangazo. Misingi yake ni mitatu: ukweli, heshima ya mtu, na wajibu kwa jamii. Tangazo la chai yenye siri lakosa yote mitatu kwa mkupuo mmoja.

Tutaambiwa kwamba sheria zipo. Ni kweli. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda Baraza la kusajili waganga. Sheria ya Ushindani ya 2003 yakataza kumpotosha na kumdanganya mlaji. Sheria ya 2015 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Lakini kila chombo chatazama shamba lake, na mjanja hupita mpakani. Akiulizwa na wa tiba asili, hujiita mshauri. Akiulizwa na wa dawa za kulevya, hujibu kwamba yeye ashughulika na pombe tu, na pombe huuzwa dukani.

Wala tusidhani kwamba nchi tajiri zimeepuka balaa hili. Marekani ilitunga sheria mwaka 2018 dhidi ya udanganyifu katika matibabu ya uraibu, na dhidi ya kulipana kwa kuletewa wagonjwa. Hata hivyo, Mei 2023 jimbo la Arizona lilitangaza kusimamisha malipo kwa watoa huduma zaidi ya 100 walioshukiwa. Wenyeji wa asili, wakiwemo Wanavajo, walichukuliwa kwa magari kwa ahadi ya matibabu, wakawekwa nyumbani humo, na bima ya umma ikatozwa fedha kwa huduma zisizotolewa. Wengine waliachwa waendelee kunywa, maana mlevi aliye ndani ndiye aliyeleta malipo.

Twadai basi kwamba kila tangazo litaje namba ya usajili, gharama yote, muda wa kukaa, na tabibu anayehusika. Ahadi ya kupona kabisa ipigwe marufuku. Kamisheni kwa anayeleta mgonjwa nayo iwe kosa, awe bodaboda au katekista. Orodha ya nyumba zilizosajiliwa ibandikwe katika kila ofisi ya kata. Wako watakaosema masharti haya yatazifunga nyumba ndogo za watu maskini waliopata nafuu wakataka kuwasaidia wenzao. Hoja hiyo twaiheshimu, na ndiyo sababu twataka usajili uwe wa gharama nafuu. Kusema kweli katika tangazo hakugharimu kitu.

Wakati tukingoja Serikali, mzazi aulize kwanza hospitali, kwa mfano Kabanga, kabla ya kuuza ng'ombe. Aulize pia kama ataruhusiwa kumtembelea mwanawe bila kutoa taarifa, na kama mwanawe aweza kuondoka atakapo. Nasi twaziomba Halmashauri Walei za vigango ziondoe ubaoni tangazo lolote lisilojibu maswali haya, hata kama aliyelileta ndiye aliyewanunulia kwaya sare.