Vitabu vilivyotumiwa kubagua sasa ni tegemeo la kurejesha uraia

WAHENGA walisema mwacha asili ni mtumwa. Hawakutuambia, hata hivyo, tumwiteje mtu ambaye hakuiacha asili yake bali alipokonywa na serikali yake mwenyewe.

Ujerumani imekuwa ikilijibu swali hilo tangu 1949. Kifungu cha 116 cha Katiba yake kinawapa waliovuliwa uraia na utawala wa Nazi, kwa misingi ya siasa, rangi au dini, pamoja na vizazi vyao, haki ya kurejeshewa. Agosti 2021, Sheria ya Uraia ilipanuliwa ili kuwafaa pia waliokuwa wakiachwa nje, wakiwemo wajukuu wa wakimbizi waliochukua uraia wa ugenini kabla ya kuvuliwa wa kwao.

Hata hivyo, haki hiyo haipatikani kwa maneno matupu. Ni sharti mwombaji athibitishe nasaba yake kizazi baada ya kizazi. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza kote katika Milki ya Ujerumani mnamo Januari 1, 1876. Kwa habari za kabla ya hapo, watafiti wa nasaba hutegemea vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi, au rekodi za jumuiya za Kiyahudi.

Kinaya ni kwamba vitabu hivyo ndivyo vilivyotumiwa kubagua. Kuanzia 1933, watumishi wa umma walitakiwa kuthibitisha ukoo wao. Mnamo 1935, Sheria za Nuremberg zikaamua kuwa mwenye babu na nyanya watatu au wanne Wayahudi ni Myahudi, hata kama yeye mwenyewe alibatizwa. Makasisi wakafunua vitabu vyao na kuandika vyeti vilivyowaokoa wengine na kuwaangamiza wengine.

Leo maombi hayo hayatozwi ada, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini mzigo wa ushahidi ungali mabegani mwa wajukuu wa watu waliotoroka na sanduku moja tu. Serikali iliyorithi madaftari yaliyotumiwa kuwasaka wazee hao haina budi kuwa ya kwanza kuyapekua kwa niaba ya vizazi vyao. Daftari halina hatia. Lawama ni ya anayelifungua kwa nia mbaya.