Hakathoni: Mzazi Aulize Nini Kabla ya Kutoa Ruhusa?



Juma hili tuzungumze juu ya neno geni ambalo vijana wetu wa vyuo na shule za sekondari wanarudi nalo nyumbani: hakathoni. Baba aombwa nauli, mama aombwa ruhusa, na wote wawili hawajui wanaruhusu kitu gani. Binti akisema, "Mama, huko tutakesha," basi neno hilo peke yake latosha kumtia mama hofu. Na wengi humaliza shauri hapo hapo: kaka yake aende, yeye abaki. Je, hiyo ni haki? Kwanza tulijue jambo lenyewe.

Hakathoni ni mkutano wa watu wanaotengeneza programu za kompyuta au za simu kwa muda uliowekwa, mara nyingi saa 24 au 36. Hukaa katika makundi madogo, wakafikiri, wakaandika, wakajaribu. Muda ukiisha, kila kundi huonyesha kazi yake mbele ya waamuzi. Jina lenyewe lina neno marathoni ndani yake, yaani zile mbio ndefu. Lilianza kutumika mwaka 1999, mafundi wa programu walipokutana mjini Calgary, Kanada. Mwaka 2009 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walianzisha hakathoni yao iitwayo PennApps, wakaiendesha wao wenyewe. Vyuo vingine vikafuata. Mwaka 2013 likaanzishwa shirika la Major League Hacking, ambalo huwasaidia wanafunzi kuandaa mashindano haya na limewaandikia kanuni.

Hata Vatikano imeyapokea. Mwezi wa Machi 2018 wanafunzi 120 walikusanyika huko kwa saa 36, katika hakathoni iliyoitwa VHacks. Walipewa mambo matatu ya kushughulikia: watu waliotengwa katika jamii, mazungumzo kati ya dini mbalimbali, na msaada kwa wahamiaji na wakimbizi. Basi tusidhani kwamba ni mchezo wa wahuni.

Lakini jambo jema laweza kuendeshwa vibaya. Nitatoa mifano miwili, yote ya mji wa San Francisco, Marekani, mwaka 2013. Mashindano hayo hayakuwa ya wanafunzi, lakini yanatufundisha.

Mwezi wa Septemba, katika hakathoni ya TechCrunch, wanaume wawili walipanda jukwaani wakaonyesha programu ya kukodolea macho vifua vya wanawake. Ukumbi ulijaa watu, na miongoni mwa washiriki alikuwapo msichana wa miaka 9 aliyekuja kuonyesha kazi yake. Waandaaji waliomba radhi, wakaahidi kuzichunguza kazi kabla hazijapanda jukwaani. Radhi ni njema, lakini ilikuja baada ya mtoto kuona.

Mwezi wa Novemba kampuni ya Salesforce ilitoa zawadi ya dola milioni moja. Mshindi alipotangazwa, manung'uniko yakaanza: kwamba programu yake ilionekana kabla ya mashindano, kwamba mmoja wa kundi lake aliwahi kufanya kazi katika kampuni ile ile, na kwamba kazi za wengine hazikutazamwa sawasawa. Kampuni ilichunguza, ikasema kwamba kanuni ziliruhusu kutumia sehemu ya kazi ya zamani. Hata hivyo iliamua kuwa ni sare, ikalipa kundi la pili dola milioni moja nyingine. Kanuni isipoeleweka na wote tangu mwanzo, hata mshindi halali hutazamwa kama mwizi.

Basi mzazi aulize nini? Nayapanga maswali katika sehemu nne.

Kwanza, kanuni zimetangazwa mapema? Kanuni za Major League Hacking zasema kundi lisizidi watu wanne. Wazo laweza kufikiriwa nyumbani, lakini kazi yote ifanyike pale pale kwenye mashindano. Na muda ukiisha, kazi ikome. Kanuni hizi humlinda nani? Humlinda mtoto wa mkulima. Mwenye kompyuta nyumbani angeweza kuja na kazi ya miezi mitatu mfukoni, na yule anayegojea zamu ya kompyuta ya shule angekuja mikono mitupu. Wote wakianza kengele inapolia, angalau wanaanza pamoja.

Pili, waamuzi ni akina nani, nao wanatazama nini? Sote twajua mambo ya mpira kijijini: refa akiwa mjomba wa golikipa, hata akipuliza filimbi kwa haki hakuna atakayemwamini. Mwamuzi mwenye ndugu, mwanafunzi wake au mfanyakazi wake katika kundi fulani na asilipe kundi hilo alama. Kila kazi itazamwe kwa dakika zile zile, na vipimo vijulikane kabla. Shirika nililolitaja hutazama ufundi wa kazi, umbo lake, kama imekamilika na inafanya kazi, na pia mshiriki amejifunza nini. Kipimo hicho cha mwisho ni cha busara sana. Mtoto aliyegusa kompyuta mara ya kwanza mwaka huu, akajifunza jambo jipya usiku ule, asihesabiwe kuwa hakufanya kitu kwa sababu hana ulimi mtamu wa kujieleza.

Tatu, mapokezi yakoje? Wengine husema mapokezi ni adabu tu, hayahusu haki. Mimi nasema yanahusu. Mshindani aliyekaa na njaa hakushindana sawa na aliyeshiba. Asiyekula nguruwe apate chakula chake. Mwenye kiti cha magurudumu apate njia ya kuingilia na choo anachoweza kukitumia. Asiye na kompyuta aazimwe. Wapo mahali pa kulala, wasichana mbali na wavulana, na pawe na mtu mzima wa kuaminika kila upande. Mtu asilazimishwe kukesha, maana saa 36 bila usingizi hazimwongezei mtu akili. Pombe isiwepo kabisa palipo na wanafunzi. Washauri wanaopita kati ya meza waanze na wale wageni waliokaa kimya nyuma, wasiwazunguke mabingwa tu. Na saa ya kurudi nyumbani ijulikane, pamoja na chombo kitakachowarudisha. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nne, kuna kanuni ya mwenendo iliyoandikwa? Iseme wazi kwamba ni marufuku kumtukana mtu kwa kabila lake, dini yake au umbile lake, kumshika asivyotaka, kumfuata-fuata, kumpiga picha bila idhini yake. Isomwe kwa sauti siku ya kufungua, na iwahusu wote, hata wafadhili na waamuzi. Zaidi ya hayo, pawe na mtu aliyetajwa kwa jina na namba ya simu, ambaye mtoto aweza kumwendea saa nane ya usiku naye akasikilizwa. Kanuni isiyo na msimamizi ni kengele isiyo na ulimi. Pia tazama karatasi ya kutia sahihi: kazi atakayoitengeneza mtoto ni mali ya nani? Pengine mfadhili ameandika kwa herufi ndogo kwamba ni yake. Isomeni yote kabla ya kutia sahihi.

Najua baadhi yenu mtasema, "Karani, tukiuliza hayo yote, waandaaji watatuona watu wasumbufu, watoto wetu wataachwa." La. Mwandaaji mwema amekwisha kuyaandika majibu, naye hufurahi kuulizwa. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Na ninyi walimu mnaopenda kuandaa mashindano haya katika shule zetu, msingoje fedha nyingi. Kanuni za ukurasa mmoja, waamuzi wasio na upande, sufuria ya wali na maharage, na mwalimu wa kike wa kulala na wasichana: hayo yaweza kupatikana bila mfadhili mkubwa.

Sasa nirudi kwa yule binti. Majibu yakiwa mabaya, basi yeye asiende, na kaka yake naye asiende, maana mahali pasipofaa kwa mmoja hapamfai mwingine. Majibu yakiwa mazuri, waende wote wawili. Tukidai haki kwa waamuzi wa mbali huku sisi wenyewe tumekwisha kumtoa binti mashindanoni kabla hayajaanza, tutamlaumu nani?

Kwa leo yatosha. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Ni mimi, Karani wenu.