DAMU YA MZAZI HAISUBIRI KIKAO

Vijana wenzangu wa Mwanjelwa na Kihesa, hebu tuambizane ukweli. Kijiweni tunajua nani kafunga goli na dakika ya ngapi. Lakini tukiulizwa mwanamke anayevuja damu baada ya kujifungua ana muda gani wa kuishi, tunabaki kutazamana.

Anaweza kufa ndani ya saa mbili! Mara nyingi kisa ni mfuko wa uzazi kulegea. Mtoto akishatoka, mfuko unatakiwa ujikaze na kuibana mishipa ya damu. Usipojikaza, damu inamwagika kama bomba lililopasuka.

Msidanganywe kwamba ni kazi ya Mungu. Sindano ya oksitosini, ikichomwa mara tu mtoto anapozaliwa, huukaza mfuko huo. Damu ikizidi, mfuko unakandwa, dripu inawekwa, na dawa ya traneksamiki inatolewa kabla ya saa tatu kupita. Mwaka 2023, utafiti katika hospitali karibu 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha kuwa damu ikipimwa kwa mfuko wa plastiki wenye alama, badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote zikatolewa kwa mkupuo, madhara makubwa hupungua kwa asilimia 60.

Sasa tuwaulize wakubwa. Oksitosini inataka jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika usiku Chunya au Kilolo, nani analinda dawa hiyo? Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito anahudumiwa bure. Mbona rafiki yangu, mpiga debe, alitumwa saa nane usiku akatafute glovu na dripu madukani, mkewe yuko kitandani? Hiyo bure ni ya nani? Shangingi la kigogo halijawahi kulala kwa kukosa mafuta!

Serikali inajigamba kwamba vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Namba 115 ya kuita gari la dharura nayo ni bure. Haya, sifa wapewe. Lakini hao 104 si tarakimu, ni wake zetu na dada zetu.

Na sisi je? Damu haina kiwanda. Mwanamume mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu. Wangapi kijiweni tumewahi kwenda? Tunangoja mpaka wa kwetu aanze kuzimia ndipo tukimbizane kutafuta ndugu!

Wiki hii twende kwenye kituo cha Damu Salama Mbeya, au hospitali ya mkoa Iringa. Tukitoka hapo, tumfuate diwani tumuulize habari za jokofu. Mwenye kutoa damu yake ana haki ya kudai jibu.